Fimbo ya Mbali: Waranti, Trekta na Historia ya Ahadi katika Bonde la Kilombero

Januari ni mwezi ambao mkulima wa mpunga wa Mofu hahesabu siku, anahesabu saa. Mvua zimekwisha kulainisha udongo mweusi wa bonde, maji ya mto hayajatapakaa mashambani, na shamba lisilolimwa katika majuma hayo machache linaweza kubaki pori hadi mwaka unaofuata. Ilikuwa Januari ya namna hiyo, miaka michache iliyopita, mjomba wangu aliponipigia simu akiwa amesimama kando ya trekta lililozima. Trekta lilikuwa la kikundi chao cha wakulima, naye ndiye mweka hazina.

Baada ya shikamoo na marahaba hakuzunguka. “Mpwa wangu,” alisema, “ile karatasi uliyotushauri tuilipie, aliyetuuzia anasema imekufa. Sasa nieleze wewe uliyesoma: sisi tulinunua nini?”

Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo. Swali linaonekana dogo, la biashara tu: je, inafaa kulipia waranti ya nyongeza unaponunua chombo cha bei kubwa, kiwe trekta, lori au gari la kifahari? Lakini kila nilipolichunguza, lilinirudisha katika historia ya nchi yetu, na hasa katika historia ya mashine zilizoletwa kwetu zikiwa zimefungwa pamoja na ahadi.

Karatasi ya magunia hamsini

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kikundi kilipoamua kununua trekta jipya, waliniletea karatasi za mkataba nizisome, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa chuo katika ukoo. Trekta lilikuja na waranti ya kawaida ya mtengenezaji: mwaka mmoja, au saa elfu moja za kazi ya injini, kutegemea lipi linatangulia. Muuzaji aliwapa pia nafasi ya kununua waranti ya nyongeza, miaka miwili zaidi. Bei yake, tukiigeuza kuwa mazao kama wakulima wanavyohesabu, ilikaribia magunia hamsini ya mpunga.

Nilifikiri kama mtu aliyesoma somo la bima. Tajiri mwenye matrekta kumi hahitaji waranti ya nyongeza, kwa sababu moja likiharibika tisa yatalitengeneza. Lakini kikundi cha watu ishirini wenye trekta moja na mkopo wa benki kinaweza kuzama kwa hitilafu moja kubwa. Kwa mantiki hiyo, maskini ana sababu nzuri zaidi ya kuhamishia hatari kwa mwingine kuliko tajiri. Niliwashauri wanunue, nao walinunua.

Nilichosoma kwa haraka ni masharti. Matengenezo ya kila saa 250 yafanywe na karakana iliyoidhinishwa na muuzaji. Vipuri viwe vya kampuni pekee. Klachi, mikanda, betri, matairi na filta havimo. Gharama ya kusafirisha trekta hadi karakana ni ya mteja. Karakana yenyewe ilikuwa Dar es Salaam, safari ya takribani kilomita 400 kutoka Ifakara, na kutoka Mofu hadi Ifakara kuna barabara ambayo wakati wa masika wenyeji huizungumzia kama mtu anavyozungumzia ndugu mlevi: leo yupo, kesho hajulikani alipo.

Mwaka wa kwanza fundi wa muuzaji alikuja. Mwaka wa pili, trekta lilipofikia saa za kutengenezwa, mvua zilikuwa zimekata njia na fundi alisema angekuja maji yakipungua. Kikundi hakikuweza kusubiri. Walimwita fundi wa Ifakara, akabadilisha oili na filta, akaandika tarehe kwenye daftari la shule, na kazi ikaendelea. Januari iliyofuata pampu ya haidroliki ikafa. Plau likabaki ardhini, haliinuki. Muuzaji alipoonyeshwa lile daftari, alisoma ukurasa mmoja na kutamka kwamba waranti ilikoma siku mkono usioidhinishwa ulipofungua chombo.

Sitamtaja muuzaji, wala simwiti mwizi. Karatasi ilisema hivyo, nami ndiye niliyeisoma. Hata sharti lenyewe lina hoja ndani yake, kwa maana filta bandia na oili chafu zimeua injini nyingi katika nchi hii, na hakuna mtengenezaji atakayekubali kulipia uzembe wa mtu mwingine. Hata hivyo ukweli unabaki kwamba wakulima wale walitakiwa kuchagua kati ya kutunza waranti na kutunza trekta. Walichagua trekta, na wakaadhibiwa kwa kuchagua vyema.

Kongwa, 1947

Swali la mjomba lina umri mkubwa kuliko yeye. Kabla halijaulizwa Mofu liliulizwa Kongwa, katika kile ambacho wazee wetu walikiita mradi wa karanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika Tanganyika, na ujumbe wa wataalamu ukiongozwa na John Wakefield ukatumwa kukagua ardhi. Mpango uliopitishwa na serikali ya Uingereza ulikuwa wa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu huko Kongwa, Urambo na nyanda za kusini ambako Nachingwea ilizaliwa. Mwaka wa kwanza pekee zilitarajiwa ekari 150,000.

Dunia ya wakati huo haikuwa na matrekta mapya ya kutosha. Yaliyopatikana yalikuwa mitumba ya vita, mengine yakitolewa katika maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Yaliletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kongwa. Huko yalikutana na mizizi ya mibuyu, vichaka vilivyosokotana na udongo ambao ukikauka huwa mgumu kama saruji. Kabla mwaka 1947 haujaisha, takribani theluthi mbili ya matrekta hayo yalikuwa hayafanyi kazi. Vipuri havikuwapo, na madereva walikuwa wamefundishwa kwa haraka mno. Kampuni ya Vickers ilijaribu kugeuza vifaru vya kivita aina ya Sherman kuwa matrekta. Mradi ukayapa jina la Shervick, nayo pia hayakuuokoa. Ekari zilizopandwa msimu ule wa kwanza hazikufika hata sehemu ya kumi ya zilizoahidiwa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikiri kushindwa na kufuta hasara ya takribani pauni milioni 36.

Wanahistoria wameandika mengi kuhusu kiburi cha mradi ule: kudharau mvua za Ugogo, kudharau maarifa ya wenyeji, kupanga kilimo kama vita. Yote hayo ni kweli. Mimi naongeza jambo moja dogo. Kongwa haikukosa fedha za kununua vipuri, wala serikali ya Uingereza haikukosa uwezo wa kuahidi. Kilichokosekana ni kipuri kuwa mahali palipo na trekta, siku ambayo trekta linakihitaji. Mvua haikusubiri meli.

Reli ya bondeni

Miaka ishirini baadaye bonde letu lenyewe lilipata mashine kubwa kuliko zote. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China, na ikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia Julai 1976. Inapita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba, kisha inaanza kupanda kuelekea Makambako.

Mpando huo ndio uliozihukumu mashine. Kati ya Mlimba na Makambako, umbali wa kilomita 158 hivi, reli hupita katika mahandaki na juu ya madaraja marefu huku ikiupanda ukuta wa nyanda za juu. Vichwa vya treni vilivyotolewa na China, vya dizeli na mfumo wa haidroliki, vilielemewa na mlima huo. Baadhi viliwekewa injini za Kijerumani, na katika miaka ya 1980 shirika likaagiza vichwa vya dizeli na umeme vya muundo wa General Electric ya Marekani. Chombo kilichotolewa kwa nia njema kabisa kilikuwa hakikupimwa kwa mlima kitakaoupanda.

Hata hivyo historia ya TAZARA ina upande mwingine, nao ndio unaotufaa zaidi. Wachina hawakuondoka siku ya kukata utepe. Walibaki na mafundi, na tangu wakati huo serikali tatu zimekuwa zikisaini itifaki baada ya itifaki za ushirikiano wa kiufundi, zaidi ya kumi, kila moja ikileta wataalamu, vipuri au mikopo nafuu. Ukitaka kuona waranti ya nyongeza iliyodumu kuliko zote katika Afrika Mashariki, itazame reli hiyo. Ilikuwa waranti ya kisiasa: aliyeahidi alikuwa na heshima ya kulinda mbele ya dunia nzima.

Tena kulikuwa na Mang'ula. Karakana iliyowekwa hapo kwa ajili ya ujenzi wa reli iligeuzwa kuwa kiwanda cha zana na vipuri vya mashine, mali ya umma. Tafakari maana yake: ndani ya wilaya ya Kilombero, kati ya mashamba ya miwa ya Kidatu na mashamba ya mpunga ya Ifakara, palikuwa na mahali penye uwezo wa kuyeyusha chuma, kukichonga na kutengeneza kipuri. Vijana wa bondeni walijifunza kazi pale na relini. Baadhi ya mafundi wa gereji za Ifakara, wale ambao karatasi za leo zinawaita mikono isiyoidhinishwa, walifundishwa na watu waliofundishwa pale. Kiwanda kilidhoofika na hatimaye kikasimama, kama viwanda vingi vya umma vya kizazi chake, na kwa miaka mingi kufufuliwa kwake kumebaki kuwa swali la wabunge wa Kilombero.

Ninapolitazama trekta la mjomba wangu limezima Mofu na dawa yake iko Dar es Salaam, naona umbali ambao haukuwapo mwaka 1980. Tulikuwa na karakana karibu na shamba. Tuliiacha ife, kisha tukaanza kuuziwa karatasi.

Kilimo Kwanza na baada yake

Agosti 2009 Rais Jakaya Kikwete alizindua Kilimo Kwanza, na neno “trekta” likarudi katika hotuba. Serikali ilikopa dola milioni 40 kutoka India, fedha zilizoleta matrekta yaliyouzwa kwa mkopo kupitia SUMA JKT. Halmashauri nazo zilinunua pawatila. Katika bonde la Kilombero, kwenye majaruba ya mpunga, pawatila ilikuwa na nafasi nzuri kuliko katika mikoa mikavu. Lakini hata huku nimeziona zikiwa zimefunikwa na majani nyuma ya ofisi za vijiji, zikisubiri kipuri ambacho hakuna duka la karibu lililokiuza. Wakopaji wengi wa matrekta hawakumaliza kulipa, na SUMA JKT ikatumia miaka mingi kudai madeni. Tuliambiwa Watanzania hawapendi kulipa. Wapo wasiopenda. Lakini mtu aliyekopa trekta akalilimia msimu mmoja, kisha likasimama kwa kukosa kipuri, anadaiwa fedha ya kitu kilichokwisha kufa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Kisha likaja la Poland. Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC, liliingia mkataba na kampuni ya Ursus kuleta matrekta 2,400 katika vipande na kuyaunganisha Kibaha, kwa mkopo wa serikali ya Poland. Wazo lilikuwa bora kuliko la India katika jambo moja: kuunganisha nchini kunaacha ujuzi nchini. Lakini malalamiko ya wakulima kuhusu ubora na vipuri yalifika hadi bungeni, na mwaka 2021 Ursus yenyewe, kampuni iliyoanzishwa Warszawa mwaka 1893, ilitangazwa kufilisika.

Hapo pana somo ambalo kila mnunuzi wa waranti ya miaka mingi anapaswa kulikariri. Ahadi haiishi kuliko aliyeitoa. Unaponunua waranti ya miaka mitano, unanunua pia dau kwamba kampuni hiyo itakuwa hai mwaka wa tano, itakuwa bado inafanya biashara nchini mwako, na bado itataka kukuona.

Kwa upande wa magari ya serikali hali si tofauti sana. Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ulianzishwa mwaka 2005 ili kurithi kazi za karakana za Wizara ya Ujenzi na kusimamia matengenezo ya magari ya umma. Watumishi wanaosoma ukurasa huu wanajua malalamiko kuhusu gharama na ucheleweshaji, maana yamesemwa mara nyingi na viongozi wenyewe. Ninachosisitiza ni kwamba serikali hununua magari ya thamani kubwa kwa tenda yenye ushindani wa bei ya kununulia, na ni mara chache mno mjadala wa umma unahusu bei ya kulitunza gari hilo Mlimba au Malinyi kwa miaka kumi. Bei ya kwanza huandikwa magazetini. Bei ya pili huandikwa na fundi.

Wenzetu walifanya nini

Tusidhani tatizo hili ni la maskini pekee. Marekani, nchi ambako biashara ya waranti ya nyongeza ni kubwa sana, Bunge lilipitisha mwaka 1975 sheria ijulikanayo kwa majina ya Magnuson na Moss. Miongoni mwa mambo mengine, sheria hiyo inamzuia mtengenezaji wa bidhaa za matumizi ya nyumbani, magari yakiwamo, kufuta waranti kwa sababu tu mteja alitumia fundi mwingine au kipuri cha kampuni nyingine. Ni lazima aonyeshe kwamba fundi huyo au kipuri hicho ndicho kilicholeta hasara. Hata hivyo vita havikuisha. Januari 2025 tume ya biashara ya shirikisho la nchi hiyo iliipeleka mahakamani kampuni ya Deere, mtengenezaji maarufu wa matrekta, ikidai kwamba inawafungia wakulima njia ya kutengeneza mashine zao wenyewe, hasa kwa kuzuia programu za kompyuta zinazohitajika kugundua hitilafu. Mkulima wa Iowa na mkulima wa Mofu hawajawahi kuonana, lakini wanasubiri fundi yuleyule.

Kwetu sheria si tupu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kutoka sheria ya Kiingereza ya 1893, inaweka masharti yanayodhaniwa kuwamo katika mauzo hata yasipoandikwa: kwamba bidhaa iliyonunuliwa kwa kazi iliyotajwa kwa muuzaji wa bidhaa za aina hiyo iifae kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo ina sehemu zinazohusu masharti ya namna hiyo katika mikataba ya walaji, na wajibu wa watengenezaji. Maana yake ni kwamba sehemu ya kile tunachouziwa kwa jina la waranti tayari ni haki yetu bila malipo ya ziada. Tatizo ni kwamba haki hiyo nayo iko mbali. Mkulima wa Mofu hawezi kwenda mahakamani mwezi wa kulima.

Je, inunuliwe?

Msomaji amenivumilia katika historia. Sasa anastahili jibu.

Kwa mtu anayenunua gari jipya la thamani kubwa na kuishi Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, karibu na karakana ya wakala wa mtengenezaji, waranti ya nyongeza inaweza kuwa na maana, hasa gari likiwa na vifaa vingi vya kielektroniki ambavyo fundi wa mtaani hawezi kuvifungua. Hata huyo akumbuke kwamba muuzaji hajengi biashara ya hasara. Bei ya waranti imepigwa hesabu ili wanunuzi wote kwa pamoja walipe zaidi ya watakachorudishiwa, kwa hiyo anayeweza kuubeba mzigo wa tengenezo moja kubwa bila kuyumba, kwa kawaida atafaidi zaidi akiweka fedha hiyo akiba. Kwa anayenunua gari lililotumika Japani, na magari mengi ya barabarani mwetu ni hayo, waranti ya mtengenezaji mara nyingi imekwisha kabla meli haijatia nanga. Atakayemwahidi waranti mpya amuulize karakana yake iko wapi, kisha aende kuiona.

Kwa mtu wa Mofu hesabu ni nyingine, na hapa ndipo nilipokosea. Nilidhani hatari iliyomkabili mjomba ni bei ya pampu. Nilijenga ushauri wangu wote juu ya bei ya pampu. Lakini pampu ile, ilipopatikana hatimaye Kariakoo na kufungwa na fundi yuleyule wa Ifakara, iligharimu chini ya nusu ya kile walicholipia waranti. Kilichowaumiza ni majuma matatu. Katika majuma hayo mashamba ya wanachama yalichelewa, na wateja waliokuwa wameahidi kulipia kulimiwa walikodi matrekta mengine. Hakuna waranti niliyopata kuisoma, ya bei ndogo wala kubwa, inayolipa majuma matatu ya Januari. Waranti hulipa kipuri, hailipi msimu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia waranti ya nyongeza ya trekta, lori au gari lolote linalotegemewa kwa riziki, nashauri maswali manne. Karakana itakayotimiza ahadi iko umbali gani, na barabara yake inapitika mwezi ambao chombo kinahitajika zaidi? Nani analipa usafiri? Je, fundi wa karibu anaruhusiwa kufanya matengenezo ya kawaida akiandika kumbukumbu na kutunza risiti za vipuri? Na mwisho, vitu vinavyoharibika mara kwa mara katika kazi yako vimo katika orodha, au vimetolewa? Majibu yakiwa mabaya, fedha ile iwekwe katika akaunti ya matengenezo ya kikundi, inunue filta, mikanda na pampu moja ya akiba mapema, na imlipie kijana mmoja wa kijiji kwenda kujifunza ufundi wa magari na mitambo. VETA iko Mikumi; chuo cha maendeleo ya wananchi kiko Ifakara. Kijana huyo ndiye waranti isiyofutwa na mvua.

Kwa watumishi wa umma na wanaharakati nina ombi la ziada. Mkataba mwingine wa matrekta utakuja, kwa sababu daima huja. Utakapokuja, tusiulize tu ni matrekta mangapi na riba ni asilimia ngapi. Tuulize ghala la vipuri litakuwa wilaya gani. Tuulize mafundi wangapi watafundishwa, na cheti chao kitaheshimiwa na muuzaji au la. Tuulize kama mashine zimejaribiwa kwenye udongo wetu. Tuna kituo cha zana za kilimo cha CAMARTEC kilichoundwa kwa sheria tangu 1981, na kingetumika ipasavyo yasingekuja matrekta ya kujaribiwa na mkulima kwa fedha ya mkulima. Kongwa ilitufundisha hayo bila ada. Mlimba ilitukumbusha. Kibaha ikarudia somo.

Wanafunzi wangu huniambia kwamba historia ni somo la wafalme na mikataba. Huwajibu kwamba waanze na trekta lililosimama. Fuata kipuri kinachokosekana, nacho kitakupeleka bandarini, kitakupeleka katika ofisi ya mkopo, kitakupeleka London, Beijing, New Delhi na Warszawa, kisha kitakurudisha kijijini, mahali ambapo gharama ya safari yote hiyo hulipwa.

Pasaka ya mwaka ule nilikwenda Mofu kuomba radhi. Mjomba alinipokea vizuri, akaagiza kitoga kikaangwe, na hakuligusa jambo lile hadi tulipomaliza kula. Kisha akanionyesha kisanduku cha chuma kilichokuwa chini ya kitanda chake. Ndani mlikuwa na filta mbili, mkanda mmoja, seti ya vizibo vya mpira vya pampu ya haidroliki, na lile daftari la shule, sasa likiwa limejaa tarehe hadi ukurasa wa katikati. Juu ya jalada alikuwa amebandika ile karatasi ya waranti.

Nilimuuliza kwa nini ameitunza.

“Ni karatasi nzuri, ngumu,” alisema. “Inazuia daftari lisilowe.”

Wahenga walikwisha kusema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi, mwalimu wa chuo, nililipisha watu ishirini magunia hamsini ya mpunga ili kulithibitisha.